Kulea mradi wa programu huria mpaka uwe na watu wake: mwongozo kwa walioko Mombasa

Kuandika programu na kuiweka wazi ili kila mtu aichukue ni kazi ya wiki chache. Kuifanya iendelee kutumika na kurekebishwa miaka na miaka ni kazi nyingine, na hiyo inategemea watu kuliko msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Mwongozo huu ni wako kama una mradi, au unafikiria kuanzisha, hapa Mombasa: mwanafunzi wa chuo kule Tudor, fundi wa programu mwenye kibarua cha mchana, au karani aliyejikuta ndiye anayeujua mfumo wa ofisi kuliko wenzake.

Kenya jambo hili si geni. Programu ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ili kukusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani, kisha ikatumika nchi nyingi. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza 2004, na Eldoret ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuutumia. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009. Mtandao unaingilia kwetu na mifano tunayo. Kinachopungua ni ulezi.

Miradi niliyoiona ikizimika ilizimika kwa mojawapo ya sababu mbili. Ama mtu alileta neno akanyamaziwa, ama funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja, naye akachoka. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inakabiliana na moja kati ya hizo, na ndiyo maana hatua nyingine nimeziandika kwa kirefu na nyingine kwa mistari michache.

Nitashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: programu ya simu ambayo makarani wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe za kushushia samaki) wanaiandikia samaki wanaoshushwa kila asubuhi, aina, kilo na bei, kisha hesabu inatoka yenyewe mwisho wa mwezi. Ni mradi mdogo, lakini una kila aina ya mtu utakayekutana naye.

Hatua ya 1: Andika mradi ni wa nani na haufanyi nini

Faili la README ndilo la kwanza kusomwa. Liandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na Kiswahili kitangulie kama watumiaji wako ni wa Pwani. Sentensi tatu za mwanzo ziseme programu inafanya nini, inatumiwa na nani, na imefikia wapi. Kisha andika sehemu ambayo wengi huiruka: yale ambayo mradi hautafanya. Programu yetu ya samaki haitauza samaki mtandaoni na haitakopesha wavuvi. Ukiyasema hayo mapema utaepuka mabishano mengi baadaye, maana kila mwenye wazo kubwa ataona mpaka uko wapi kabla hajapoteza usiku wake.

Hatua ya 2: Weka leseni kabla ya mchango wa kwanza kutoka nje

Msimbo usio na leseni haujawa huria, hata kama kila mtu anauona. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi, kwa hiyo bila ruhusa yako hakuna anayeweza kuunakili kihalali. Usitunge leseni yako mwenyewe. Chagua iliyokwisha kuzoeleka. MIT ni fupi na inaruhusu karibu kila kitu mradi jina lako libaki. Apache 2.0 inafanana nayo lakini inagusa pia hataza, yaani haki za uvumbuzi. GPL inamtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu ya yako naye atoe msimbo wake kwa masharti yaleyale, na AGPL inalipeleka sharti hilo hadi kwa anayeibadilisha na kuiendesha kwenye seva na kuwapa watu huduma kupitia mtandao.

Maoni yangu: kama hofu yako ni kampuni kuichukua kazi ya wavuvi na kuifungia, chagua AGPL. Kama unataka itumike na kila mtu haraka, chagua MIT au Apache.

Jambo moja la kuangalia sana: mchangiaji aliyeajiriwa. Kazi aliyoifanya mtu ndani ya ajira yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwajiri. Mwulize mapema, na kama kuna shaka alete ruhusa kwa maandishi. Kwenye mradi wa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kila mabadiliko hubeba mstari wa kutia sahihi ambao mchangiaji anathibitisha kwamba ana haki ya kuyatoa. Wewe pia unaweza kuudai mstari huo, na haugharimu kitu.

Hatua ya 3: Punguza kizingiti cha kuingilia

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa mradi wako mara nyingi ana kompyuta ya mitumba, bando la siku, na saa mbili za usiku baada ya kazi. Ikiwa kuiweka programu kwenye mashine yake kunamtaka apakue gigabaiti kadhaa, umeshamfukuza kabla hujamsalimu.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Mwite mtu ambaye hajawahi kuuona mradi, mpe maelezo yako, kaa kando yake na usiseme neno. Kila anapokwama, andika. Akikuuliza, mwambie aendelee kana kwamba hupo. Orodha utakayotoka nayo ndiyo kazi yako ya wiki inayofuata, na ni muhimu kuliko kipengele chochote kipya ulichokuwa umekipanga.

Halafu tenga kazi ndogo za wageni, nawe uzuie mkono wako usizimalize. Hapa wasimamizi wengi hushindwa, kwa sababu kazi ya dakika kumi inakuwasha uimalize. Iache. Iandike hivi:

"Orodha ya samaki haina kolekole wala nguru. Fungua faili la samaki, ongeza mistari miwili ukifuata mfano wa tafi. Huhitaji kujua lugha ya programu. Ukimaliza, tuma ombi la mabadiliko. Atakayekupokea ni mmoja wa wasimamizi wawili waliotajwa kwenye README. Ukikwama, uliza hapahapa."

Maelezo hayo yanasema faili ni lipi, mfano uko wapi, ujuzi gani unahitajika na nani atakupokea. Mtu aliyeongeza kolekole leo ndiye atakayerekebisha hesabu ya bei miezi sita ijayo. Kutafsiri na kuandika maelezo ni milango mizuri vilevile, na Mombasa haina uhaba wa watu wenye Kiswahili kizuri. Wape majina yao kwenye orodha ya wachangiaji sawa na waandika msimbo.

Tahadhari ndogo kuhusu mwezi wa Oktoba. Kila mwaka kuna Hacktoberfest, inayowahimiza watu kuchangia programu huria. Mwaka 2020 miradi mingi ilifurika maombi yasiyo na maana kutoka kwa watu waliotaka fulana ya zawadi, hadi waandaaji wakaweka utaratibu kwamba mradi uingie kwa hiari yake. Ukijiunga, jiunge ukiwa na watu wa kupokea.

Hatua ya 4: Jibu

Hapa ndipo jumuiya inapojengwa au kubomoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu akikuletea ripoti ya hitilafu, ametumia muda wake kukufanyia kazi. Mjibu ndani ya siku mbili. Si lazima uwe umetatua chochote. Jibu la kusema "tumeona, tutaliangalia Jumamosi" linatosha. Anayenyamaziwa hatakuambia kwamba ameondoka. Ataondoka tu, na wewe utadhani watu wa Pwani hawapendi kuchangia.

Tazama ripoti hii kutoka kwa karani wa samaki:

"Programu yenu mbovu. Nimeandika tafi kilo 12,5 imeleta 125. Wavuvi wamenigombeza mbele ya watu."

Mtu mwenye hasira hujibu kwamba maelekezo yako wazi, tumia nukta. Jibu la mlezi ni hili:

"Salaam ndugu. Shukran kwa kutuarifu, na pole kwa yaliyokufika. Tumejaribu na ni kweli: ukiweka koma, programu inaiondoa, na 12,5 inakuwa 125. Kwa sasa weka nukta, 12.5, na hesabu itakuwa sawa. Marekebisho tutayatoa kwenye toleo lijalo. Tuna swali moja: mizani yenu inaonyesha koma au nukta?"

Jibu hilo limekubali kosa, limempa njia ya kumalizia kazi leo, na limeuliza swali moja ambalo yeye peke yake analijua. Hilo swali ndilo lenye nguvu. Karani akirudi na picha ya mizani, ameshavuka kutoka kwa mlalamikaji kuwa mwenzenu. Kesho akikuta hitilafu nyingine hatatukana, ataieleza.

Kukataa nako kuna adabu yake. Usiliache ombi likae miezi kwa sababu unaona haya kusema hapana. Sema mapema, toa sababu, na kama kuna kipande kinachofaa kiokoe: "Ahsante kwa kazi hii. Hatutaiingiza, kwa sababu maktaba ya msimbo uliyotumia inaongeza ukubwa wa programu na makarani wengi wana simu zenye nafasi ndogo. Ile sehemu ya kupanga tarehe tunaihitaji sana. Ilete peke yake tuipokee."

Na sasa WhatsApp. Najua kikundi cha WhatsApp ndicho kitakachozaliwa kwanza, na sikukatazi. Watu wanasalimiana, wanatumiana picha, wanajuana. Lakini maarifa yakibaki humo yanapotea. Anayejiunga leo haoni yaliyosemwa jana, na swali lilelile litajibiwa kila mwezi na mtu yuleyule mpaka achoke. Weka kanuni moja: mazungumzo popote, uamuzi na jibu la kiufundi kwenye ukurasa wa mradi. Mtu akikuuliza jambo la maana faraghani, mwambie kwa upole, "Tafadhali liandike kule, nitalijibu hukohuko, na wengine wafaidike." Kisha kalijibu kweli.

Hatua ya 5: Amueni namna ya kuamua, kabla ya ugomvi

Mradi wa watu wawili hauhitaji katiba. Ukifika watu watano au sita, unahitaji ukurasa mmoja unaosema nani anaweza kuingiza mabadiliko, nani anatoa toleo jipya, na mkitofautiana mnafanyaje.

Mifano mikubwa inafundisha. Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa 1993, huchagua kiongozi wake kila mwaka kwa kura za wanachama. Shirika la Apache, lenye leseni tuliyoitaja, hutumia ridhaa ya ukimya: pendekezo linatolewa, watu wanapewa angalau saa 72, na asipotokea wa kupinga kwa sababu zenye mashiko linapita. Python, lugha ya kuandikia programu, iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, mpaka Julai 2018 alipojiuzulu baada ya mvutano mkali kuhusu pendekezo moja la lugha hiyo. Jumuiya ikaunda baraza la watu watano linalochaguliwa, na kazi haikusimama. Bahati yao ni kwamba walikuwa na watu wa kutosha wenye uzoefu wa kuamua pamoja. Mradi mdogo hauna bahati hiyo kama haujajiandaa.

Kwa mradi wa hapa napendekeza ridhaa ya ukimya, lakini muda uwe wiki nzima badala ya siku tatu, na usihesabu siku za Idi, za mitihani ya vyuo wala za uchaguzi. Ukimya wa mtu asiye na bando si ridhaa.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya nje haiwezi kukuambia. Kwetu kijana hampingi mkubwa hadharani. Mwalimu wake wa chuo akisema "tutumie njia hii", kijana aliyeona kasoro atanyamaza kwa heshima, na kasoro itaingia kwenye toleo. Usijaribu kuivunja heshima hiyo, ni nzuri. Panga utaratibu unaoipitia pembeni. Omba maoni yaandikwe kabla ya kikao, wadogo waanze na wakubwa wamalizie. Msimamizi mwenye umri au cheo na asizungumze mwanzo. Na badala ya kuuliza "mnakubali?", uliza "hili linaweza kuharibikia wapi?" Swali hilo linampa kijana ruhusa ya kusema bila kuonekana anabishana.

Hatua ya 6: Gawa funguo

Chukua karatasi leo uandike kila kitu ambacho mradi unakitegemea: akaunti ya ghala la msimbo, jina la tovuti na tarehe ya kulilipia, seva, barua pepe ya mradi, akaunti ya duka la programu za simu, mahali pa nakala za akiba, na fedha. Kando ya kila kimoja andika majina ya wanaoweza kukifungua. Ukikuta jina moja peke yake, hapo ndipo mradi utakapofia.

Angalia hasa laini ya simu. Akaunti nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo unakwenda kwenye laini ya mtu mmoja. Laini ikipotea, au mwenyewe akisafiri, mradi mzima umefungiwa nje. Tumia programu ya kutengeneza namba za uthibitisho badala ya ujumbe mfupi, chapisha namba za akiba, na ziwekwe kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.

Ila kugawa funguo si kumpa kila aliyebisha hodi. Kisa cha XZ Utils kila msimamizi akijue. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko ndani ya mifumo mingi ya Linux, na ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaanza kusukumwa na watu wasiojulikana waliolalamika kwamba kazi inakwenda polepole, wakimtaka aongeze msaidizi, ilhali yeye alikuwa amesema wazi kwamba hali yake kiafya haimruhusu kufanya zaidi. Mchangiaji aliyejiita Jia Tan alikuwepo, mpole, mchapakazi, na hatimaye akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri uliofichwa ndani. Yaligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya kuifikia kompyuta ya mbali) kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia.

Somo lake halimaanishi tuwaogope wageni. Collin alibeba peke yake kitu ambacho dunia nzima ilikitegemea, na upweke wake ndio uliompa adui nafasi. Kwa hiyo:

Panda ngazi polepole. Mtu aanze kwa kupanga ripoti, kisha kukagua kazi za wenzake, kisha kuingiza mabadiliko, na kutoa toleo kuwe mwisho kabisa.

Toleo jipya lisitoke kwa mkono wa mtu mmoja. Mmoja aandae, mwingine akague na kutia sahihi.

Na mtu yeyote anayekuharakisha ugawe mamlaka, hasa usiyewahi kuona kazi yake, mjibu kwa utulivu kwamba utaratibu wenu ni huu. Kelele zisikuongoze. Hapa wenye mradi wa mji mmoja tuna faida: unaweza kukaa na mtu, ukamjua kwao, ukaona anavyofanya kazi.

Hatua ya 7: Kukutana ana kwa ana

Fanyeni kikao cha kazi walau kila baada ya mwezi au miwili. Swahilipot Hub iko Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, na imekuwa mahali pa vijana wa teknolojia na sanaa; Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko Tudor. Hata sebule ya mtu inatosha ikiwa umeme na intaneti vipo.

Chagua saa ukifikiria watu watakavyorudi nyumbani. Anayevuka feri ya Likoni, au anayekwenda Kisauni na Changamwe, hawezi kukaa hadi saa tatu usiku kama aliye jirani, na wasichana wengi hawaruhusiwi nyumbani kwao kuchelewa hivyo. Jumamosi asubuhi hufaa wengi. Ijumaa adhuhuri iache. Ramadhani punguza kasi: vikao vifupi vya asubuhi, au wale wanaoweza wakutane mtandaoni baada ya tarawehe. Anayeshindwa kufika asikose uamuzi. Mtu mmoja aandike yaliyokubaliwa na kuyaweka kwenye ukurasa wa mradi siku hiyohiyo.

Wanafunzi watakuja kwa wingi na kuondoka kwa wingi, mitihani ikifika au muhula wa mafunzo kazini ukiisha. Usilichukulie kama usaliti. Mpe mwanafunzi kazi inayokwisha ndani ya muhula, na wiki ya mwisho aitumie kuandika alichojua. Mwelekeze pia kwenye Google Summer of Code na Outreachy, mipango miwili inayolipa watu kufanya kazi kwenye miradi huria. Wanaopita huko mara nyingi hurudi wakiwa mahodari zaidi.

Hatua ya 8: Pesa

Aprili 2014 dunia iligundua kosa lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Ikabainika mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Baada ya aibu hiyo kampuni kubwa zilichangishana kupitia Linux Foundation. Wewe usingoje aibu.

Anza na mahitaji madogo yanayojulikana: jina la tovuti, seva, bando la anayefanya majaribio. Haya yachangwe kama chama chochote kinavyochanga, kwa M-Pesa, na kila shilingi iandikwe mahali ambapo kila mchangiaji anaona. Fedha zisikae kwenye laini ya mtu binafsi. Mkiwa tayari, jisajilini kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya usajili wa vikundi hivyo ya 2022, mfungue akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Kwa michango ya kutoka nje, GitHub Sponsors na Open Collective zipo. Open Collective ina uzuri wa kuonyesha mapato na matumizi hadharani.

Ukipata ruzuku, lipa kwanza zile kazi ambazo hakuna anayezipenda: kujibu ripoti, kuandika maelezo, kupima toleo kwenye simu za zamani. Usianze kwa kulipa vipengele vipya, kwa sababu wale waliokuwa wakijitolea watauliza kwa haki kwa nini fulani analipwa nao hawalipwi. Na shirika linalotoa fedha lisipewe usemi kwenye mradi kuliko wachangiaji wake. Andikeni hivyo kwenye makubaliano.

Hatua ya 9: Adabu, usalama na siri za watu

Kanuni za maadili muwe nazo. Contributor Covenant, iliyoandikwa 2014, inatumiwa na miradi mingi na unaweza kuitafsiri. Iongeze majina ya watu wawili wa kuripotiwa, mmoja wao mwanamke, na mueleze hatua zitakazochukuliwa. Mtu akilalamika kwamba amedhalilishwa, msikilize siku hiyo. Kanuni isiyotekelezwa mara ya kwanza haitaaminiwa mara ya pili, na watakaoondoka ni wale mliowahitaji zaidi.

Weka njia ya faragha ya kuripoti mapengo ya usalama, yasitangazwe kabla ya kuzibwa. Na kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Karani akituma picha ya kioo cha simu yake yenye majina na namba za wavuvi, picha hiyo imewekwa hadharani kwa dunia. Iondoe mara moja, mweleze kwa nini, na andika kwenye fomu ya ripoti kwamba picha zifichwe majina. Kwa majaribio tumieni data ya kubuni.

Hatua ya 10: Jiandae kuondoka

Kila msimamizi ataondoka. Atapata kazi Nairobi, ataoa au kuolewa, ataugua, au atachoka tu. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita waulize wasimamizi wote swali moja kwa faragha: je, bado unaitaka kazi hii? Anayesita mpunguzie mzigo kabla hajaanguka. Mwenye kutaka kutoka mpeni jina la heshima kwenye orodha ya wasimamizi wastaafu, ili aweze kurudi bila haya.

Kabla hujatoka wewe, chagua mrithi na ufanye naye matoleo mawili. La kwanza wewe ufanye naye aangalie; la pili yeye afanye nawe uangalie. Badilisheni nywila pamoja, ondoa laini yako ya simu kwenye akaunti, na uandike tangazo fupi lenye jina lake ili watumiaji wajue wa kumwendea.

Ukikosa mrithi kabisa, usiuache mradi ukiwa na mlango wazi na hakuna mtu ndani. Andika juu kabisa ya README kwamba haushughulikiwi tena na tangu lini, wataje waliochukua msimbo na kuuendeleza kama wapo, waelekeze makarani namna ya kutoa data yao kwenye lahajedwali, lipia jina la tovuti mwaka mmoja zaidi ili wapate muda wa kuhama, kisha lifunge ghala la msimbo liwe la kusomwa tu.